Baba wa Gare ya Samba, aliyetenga wakwe

Jina lake nililijua, lakini sikulitaja hata siku moja mbele yake, na sasa nimezeeka sana kuanza kukosa adabu. Tulimwita Baba wa Gare. Alizaliwa wapi, na nani, hayo ulizeni wengine. Mimi nitasema yale niliyoyaona nikiwa nimekaa chini kwenye uwanja wa gare ya Samba, stesheni ya gari la moshi, na kitunga changu cha kwanga, mikate ya muhogo, wakati wa Wabelgiji, miaka mingi mpaka makalio yangu yakajua kila jiwe la pale. Na ubaya wangu nitausema pia, sababu bila huo habari yake haitimii. Binti yake aliolewa na mutoto wangu, akawa bibi yake. Mimi ndimi niliyemufukuza kwa mudomo, na baba yake ndiye aliyeweza kunirudishia au kuninyima.

Samba ilikuwa ndogo. Ukikohoa upande huu, upande ule wanakupa pole. Lakini gari la moshi lilisimama pale, sababu vitu vyote vya Kasongo, pamba, muchele, mafuta ya ngazi za michikichi na watu, vilivuka Lualaba na kuja kungojea treni Samba. Hata sisi wa Kabambare, tuliozoea kutembea siku nyingi na miguu mpaka kisigino kinakuwa kama ganda la muti, tulikuja kuishia pale. Ukipanda upande mumoja, unakwenda Kibombo na Kindu. Upande mwingine, Kongolo. Dunia yetu ilikuwa na ncha mbili hizo, na katikati alisimama Baba wa Gare na nyundo yake.

Nyundo ilikuwa ya kugonga chuma. Kipande cha reli kilitundikwa kwenye muti mbele ya nyumba ya tiketi, na yeye alikigonga mara tatu treni ikikaribia. Kile chuma alikisugua kwa muchanga na majani kila asubuhi mpaka kikangaa kuliko sufuria zangu. Bwana yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza njia ya reli, alikuwa akipita ananiambia: "Angalia chuma cha mwenzako, halafu angalia sufuria yako." Nilimujibu kwamba chuma hakipiki. Lakini nilienda kusugua.

Kasiketi, ile kofia yake ya kazi, aliivaa treni ikiwa imefika tu. Akiwa na kasiketi, hakujua mutu. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimwita, "Baba Feza, chakula iko tayari," naye anajibu, "Mama, safari yako ni ya wapi?" Treni ikiisha kuondoka, anavua kasiketi, anaifuta, anaitundika kwenye musumari, kisha anageuka: "Umesema chakula?"

Na treni ilichelewa. Ilichelewa siku ya jua, ikachelewa siku ya mvua. Yeye hakukubali neno hilo. "Treni haikuchelewa," alisema. "Ni nyinyi mumewahi."

Siku moja nilikuwa na kwanga iliyoanza kunuka sababu ya kungoja. Nikamuambia: "Baba, tumewahi tangu jana?"

"Ndiyo, Mama. Mulikosa kazi nyumbani."

Sikuwa na jibu. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kukosa jibu. Mara ya kwanza ilikuwa yeye pia, na hiyo lazima niieleze, hata kama wajukuu wangu watacheka.

Kwetu, kwa Wabangubangu na hata kwa Wazimba, mukwe ni mutu wa kuogopwa. Mwanaume haangalii mama ya bibi yake usoni. Baba ya binti na mama ya kijana hawali mbele ya mwenzake, hawapeani kitu mukono kwa mukono, hawasemezani wawili. Wakikutana njiani, mumoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Sasa Muzungu aliyetengeneza zile wagoni zetu za mbao, sijui kama alikuwa na mukwe. Viti vinaangaliana. Unakaa magoti kwa magoti na yeyote aliyepanda, na hakuna majani ya kuingia.

Kwa hiyo ikatokea kwamba mama muzee wa upande wa Nyangwe alikuwa amekaa ndani na mizigo yake, akaona bwana ya binti yake anaingia mulangoni. Treni ilikuwa imeanza kutembea. Yule mama hakufikiri mara mbili. Alifungua mulango wa upande wa pili, akashuka kwenye mawe, akavunjika mukono. Baba wa Gare alimubeba mugongoni mpaka kwa munganga. Aliporudi, shati yake ina jasho na vumbi, alisema neno moja tu: "Basi."

Tangu siku ile, kabla ya treni kufika, alipita na chaki kati ya watu akiuliza kila mutu: mukwe wako ni nani, iko hapa leo? Treni ikisimama alichora alama kwenye wagoni: duara kwa mama-wakwe, fimbo kwa wakwe wanaume. Muzungu wa ukaguzi alipokuja akauliza alama zile ni za nini. Baba wa Gare akajibu bila kupepesa jicho: "Bwana, ni mambo ya breki." Muzungu akaandika kwenye kitabu chake, akafurahi, akaondoka.

Mimi hayo sikuyajua siku ya kwanza niliyopanda. Nilikuwa bibi mupya, nimetoka Wamaza, kwetu Kabambare, na kufika Kasongo kuolewa, kisha Samba kumufuata bwana. Tulikuwa tunakwenda Kibombo kusalimia shangazi yake. Nimesimama na kikwembe changu kipya, najiona kama nimechorwa. Mwanaume mwenye chaki ananikaribia, ananiangalia juu mpaka chini, ananiuliza: "Wewe Mama, una mukwe hapa?"

Nilifikiri ananitafutia njia ya kuniposa. Nikapiga kelele mbele ya watu wote: "Huna haya? Mimi nina bwana! Bwana yangu ni yule anayebeba mafuta! Muone kifua chake! Unataka akuvunje?"

Uwanja mzima ukageuka. Bwana yangu akaweka mafuta chini, sababu hakutaka kuvunja mutu.

Baba wa Gare hakucheka, na hakukasirika. "Mama," alisema, "sikuulizi bwana. Ninauliza mukwe. Bwana kaa naye, hata kwenye mapaja yake kama unapenda."

Watu walicheka mpaka Kibombo. Nilikaa nimefunika uso kwa kile kikwembe kipya, nikashuka kimekunjamana kama jani la sombe, jani la muhogo la kutwanga.

Alikuwa na makosa yake. Kulikuwa na harusi ya kupelekwa Kibombo, watu wa bibi na watu wa bwana, kundi zima. Baba wa Gare alitenga, akatenga, huyu mbele, yule nyuma, shangazi huku, kaka kule, mashinisti, mwendesha treni, anapiga firimbi anatukana kwa Kifaransa. Treni ikaondoka. Uwanjani akabaki mutu mumoja, amejipaka mafuta, amevaa shanga, analia. Alikuwa bibi-harusi. Mwenye chaki alitenga vizuri sana mpaka mwenye harusi akakosa pa kukaa. Baba wa Gare alikimbiza treni na kasiketi mukononi, anapunga, ikasimama. Kwa muda mrefu baadaye, nikitaka kumuudhi, nilimuuliza kama bibi-harusi wa leo amepanda.

Tena alikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Alijua miji yote ya reli ile kuliko watu waliozaliwa humo. Alikuwa anahukumu muji kwa mizigo. "Kindu," alisema, "ni samaki wa kukauka na habari za uwongo. Kibombo ni muchele. Mutu wa Kibombo punje ikianguka anainama. Kongolo ni mafundi. Wana mafuta ya mashini kwenye kucha, na wanavaa viatu hata wakienda chooni." Ukimusikiliza utasema amekaa Kongolo miaka kumi. Kumbe hakuwahi kupanda treni. Hata mara moja. Hata mpaka gare inayofuata.

"Juu ya nini, Baba?" nilimuuliza.

"Nikipanda mimi, nani atagonga chuma?"

Nilimuamini. Nilikuwa mujinga wa kuamini maneno yanayosemwa kwa kasiketi.

Alikuwa anakula kwanga yangu. Kila treni ya asubuhi, kipande kimoja na samaki, amesimama, anaangalia njia ya reli. Nilikuwa nimekaa karibu na chuma kabisa, pale wagoni ya katikati inaposimama, mahali pazuri kuliko pote. Halafu mutoto wangu Ramazani, aliyepata kazi ya ufundi kule Kongolo, akaja kunisalimia, akamuona Feza, binti ya Baba wa Gare, anateka maji. Kufika jioni alikuwa amesahau amekuja kumusalimia nani.

Wakaoana. Nilifurahi, nilicheza, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi nikaenda na kitunga changu mahali pangu, nikakaa. Baba wa Gare akatoka na nyundo. Tukaonana. Akageuka akaangalia ukuta. Mimi nikafunika kichwa, nikageuka nikaangalia muti. Mimi na yeye sasa ni wakwe.

Hakuweza tena kula mbele yangu. Hakuweza kuchukua kwanga mukononi mwangu. Nilipoteza mununuzi wangu bora, na mahali pangu pia, sababu siwezi kukaa karibu na chuma cha mukwe wangu. Nilihamia mwisho wa uwanja, pale inaposimama wagoni ya mbuzi. Mbuzi hawanunui kwanga. Nilikaa pale kwa adabu, nikijisifu moyoni kwamba hakuna mama-mukwe mwenye heshima kama mimi kuanzia Kasongo mpaka Kongolo.

Bwana yangu akafa. Ramazani akaniandikia nije Kongolo nikae kwake. Nikaenda, na heshima yangu yote nikaiacha Samba.

Feza alikuwa mutoto muzuri, mupole, mimba ya kwanza tumboni. Lakini bukari yake, ugali wetu, ilikuwa na mabonge. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilikohoa. Siku ya tatu nilitoa bonge, nikaliweka kando ya sahani, watu waone. Baadaye nilikuwa nayapanga kwa musitari. Sombe nikasema haikutwangwa, imetishwa tu. Muji mzima wa Kongolo una viatu, nikasema, lakini hauna muiko. Feza hakunijibu hata mara moja, na hilo lilinikasirisha zaidi. Asubuhi moja alifunga kikwembe chake na sufuria moja, akaenda gare, akashuka Samba kwa baba yake.

Nikampikia mutoto wangu mwenyewe. Bukari laini kama shavu. Alikula siku mbili. Siku ya tatu alisukuma sahani.

"Mama, bukari yako ni nzuri."

"Ninajua."

"Bibi yangu iko wapi?"

"Atarudi."

"Nani atamurudisha? Akizalia kule na ile hasira, harudi. Mimi ninakuambia, Mama: kama hakurudi kabla ya mutoto kuzaliwa, ninaacha kazi, ninakwenda kukaa Samba kwa wakwe."

Mutoto wangu akae kwenye nyumba ya wakwe, achote maji yao, na mimi niuze kwanga kwa mbuzi nikimuangalia. Nilikaa chini.

Kwetu, mutu aliyekosea wakwe anapeleka kuku mweupe, na anatuma mutu wa kumusemea. Nilimuandikia ndugu ya bwana yangu aliyekuwa Kasongo. Alinijibu kwa musitari mumoja: "Mudomo ulikuwa wako, miguu iwe yako."

Nikanunua kuku. Nikapanda treni peke yangu. Nilipofika Samba, Baba wa Gare alikuwa amevaa kasiketi. Aliangalia juu ya kichwa changu, akasema: "Abiria mumoja. Kuku mumoja." Akachora chaki kwenye kitunga cha kuku, akaenda zake.

Kuku nilimupa Mama Feza, bibi yake. Alimupokea kwa mikono miwili, vizuri. "Nitamuambia," alisema. "Ungoje." Feza nilimuona kwa mbali, tumbo limekuwa kubwa, anatwanga. Anatwanga vizuri, Mungu ananiona. Alikuwa anatwanga vizuri siku zote.

Nikangoja kwa jirani siku tatu. Treni ya Kindu ikapita, chuma kikagongwa. Treni ya mizigo ikapita, chuma kikagongwa. Jibu hakuna. Nilihesabu miezi ya tumbo lile kwenye vidole, nikahesabu tena, labda nimekosea. Sikukosea. Siku ya nne ilikuwa ya treni ya Kongolo. Nikasema, sawa, nimekataliwa, nirudi nikamuambie mutoto wangu afunge mizigo.

Nikiwa nimekaa uwanjani, nikasikia chuma. Mara tatu. Lakini ilikuwa sauti nyingine, kali, ya kupendeza. Nikainua macho. Mwenye nyundo alikuwa Mama Feza! Na alikuwa anagonga vizuri kuliko bwana yake.

Treni ikaingia. Siku ile wagoni nyingi zilichukua pamba. Ya watu ilikuwa moja tu. Nikapanda, nikakaa pembeni. Halafu nikaona wanatoka nyumbani: Feza mbele, na kitunga cha kuku wangu chenye chaki, nyuma yake mwanaume mwenye shati jeupe, kichwa kitupu, kipara kinangaa. Sikumutambua mara moja. Bila kasiketi alikuwa mudogo.

Aliweka muguu kwenye ngazi, akasimama. Aliniona. Mimi nilimuona. Mutu aliyetenga wakwe wa reli nzima, na wagoni ni moja.

Nikasimama nishuke. "Nitangoja nyingine," nilimuambia ukuta.

Mashinisti akapiga firimbi. Watu wote ndani waliokuwa wanamujua wakanyoosha shingo, wanataka kuona. Muzee mumoja akasema: "Baba wa Gare, leo chaki iko wapi?"

Alifikiri kidogo. Akapanda. Akakaa kwenye kiti cha mgongo kwa mgongo na changu, akaangalia upande wake, nami nikakaa tena. Akamuweka Feza pembeni, kati yetu, na kuku juu ya mapaja yake. Kisha akasema, sauti ya juu, ya kazi:

"Kuku."

Kuku akageuza kichwa.

"Kuku, umuambie mukwe wangu kwamba bukari ya Feza iko na mabonge."

Watu wakainama kuelekea kitunga.

"Umuambie ninajua. Mama yake anajua. Mimi nimekula yale mabonge tangu huyu mutoto ameshika muiko, na ninaendelea kugonga chuma. Hakuna kilichonivunjika. Tulimupa Ramazani na mabonge yake, hatukuficha."

Wagoni nzima ikacheka. Feza alikuwa amefunika uso, mabega yanatingishika. Sikujua analia au anacheka. Nikajua baadaye, alikuwa anafanya yote mawili. Mimi, mwenye majibu ya muji mzima, nikageukia kitunga.

"Kuku, umuambie mukwe wangu nimesikia. Umuambie yaliyojaa mabonge ni maneno yangu, na Feza aliyameza mwezi mzima bila kuyaweka kando ya sahani."

Treni ikatingishika, ikaanza kwenda. Nikasikia kiti changu kinatetemeka nyuma. Nikageuza kichwa kidogo: alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili.

"Kuku," alisema, na sauti ya kazi ilikuwa imepotea, "umuambie mukwe wangu asinicheke. Nilimubeba yule mama wa Nyangwe. Nilisikia mufupa wake. Tangu kabla ya siku ile nilikuwa ninaogopa hii mashini, na baada yake niliogopa mara mbili."

Kumbe chuma kingegongwa na yeyote. Miaka yote ile alikuwa anaogopa, na asubuhi ile alipanda sababu ya binti yake, na sababu ya mudomo wangu.

"Kuku, umuambie sicheki," nilisema. Nilikuwa ninacheka. Machozi pia yalikuwepo.

Alikaa hivyo kutwa, ameshika mbao. Alitaja kila gare kabla hatujafika, na mizigo yake, na tabia ya watu wake, na kila mara treni ikisimama alichungulia dirishani kuona kama kweli mahali papo. Hatukula, mimi wala yeye. Kwanga ilikaa kwenye kitunga mpaka ikakauka. Jua lilipoinama tukaona maji ya Lualaba na mabati mengi yanangaa. Baba wa Gare akasimama. Akasahau. Akageuka mwili muzima, akaniangalia usoni, jicho kwa jicho.

"Mama! Kongolo ndiyo hii?"

Nilipaswa kufunika uso. "Ndiyo hii, Baba," nilisema.

"Ni kubwa kuliko mizigo yake," alisema. Kisha akakumbuka, akageuka haraka, akakaa, akamuomba kuku radhi.

Ramazani alikuwa uwanjani na viatu vyake. Mukwe wangu hakufika nyumbani; alilala kwa fundi mumoja, akarudi Samba na treni ya kesho yake, ameshika mbao, nasikia. Sikumuona tena. Alikufa Samba, na mutoto wa Feza alikuwa ameanza kutembea.

Kuku tulishindwa kumuchinja. Utamuchinjaje mutu aliyebeba maneno yale yote?

Jioni ile ya kufika, Feza alisonga bukari, akaniwekea sahani. Nikamega. Bonge. Nikamega tena. Bonge. Ramazani ananiangalia, Feza anaangalia chini. Nikala. Nikameza. Kuku alikuwa amesimama mulangoni, ananiangalia.